Mwantumu na Masale ya Korongoni

Mwantumu binti Mikidadi hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukimsalimu kwa bashasha alijiuliza unataka nini, ukimsalimu kwa mkato alijiuliza umesikia nini. Majirani zake wa nyuma ya stesheni ya Moshi walisema mama huyu hata akiletewa maji ya kunywa huyachungulia kwanza, kisha humchungulia aliyeyaleta.

Walimcheka, lakini hawakuwa na haki ya kumcheka sana. Mwantumu alikuwa bado msichana pale baba yake, fundi seremala aliyetoka Pangani kuifuata reli, alipovunjiwa nyumba. Walikuja watu wenye kamba na vigingi, wakapima huku wakitabasamu, wakamwambia mzee Mikidadi asiwe na wasiwasi, ni kupima tu. Mzee wa watu akawapikia hata chai. Kabla mwezi wa mfungo haujaandama nyumba ilikuwa chini, eti mtaa ule si wa Waswahili tena. Toka hapo Mwantumu aliamini kwamba anayekuja kukuondoa huanza kwa kutabasamu. Imani hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea, hata marehemu mumewe Sadallah, mtu mpole aliyekuwa akifunga mataruma ya reli.

Sadallah ndiye aliyemjengea nyumba ya pili, ya udongo na bati, ukingoni mwa korongo ambapo hakuna mwingine aliyepataka. Homa ilipomchukua alimwachia mkewe binti mmoja, Shani, jiko la kukaangia vitumbua, na nyumba isiyo na karatasi yoyote. Shani akaolewa Holili. Mwantumu akabaki na nyumba, na aliipenda kwa mapenzi ya wivu, kama mtu apendavyo jino lake la mwisho.

Korongo lenyewe lilikuwa aibu. Lilianzia karibu na stesheni likateremka kuelekea msitu wa Rau, na zamani, walisema wazee, lilikuwa limefunikwa na miti tangu mwanzo hadi mwisho, mbega wakirukaruka juu yake. Kisha wakaja wachoma mkaa, wakafuata wafyatua matofali, na baada yao kila mwenye taka alijua pa kuzitupia. Ulibaki mkuyu mmoja mkubwa, ambao kila shoka lililoujaribu liliukuta mgumu. Mvua ikinyesha, kingo zilimeguka. Jua likiwaka, vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye unga wa vitumbua.

Huko ndiko alikotokea Mzee Ndelilio, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Alikuwa Mchagga wa Mbokomu, mrefu, mkavu, ambaye karibu maisha yake yote alikuwa mlinzi wa misitu ya serikali kule juu mlimani na sasa amestaafu. Asubuhi moja Mwantumu alimwona chini ya korongo akiwa na jembe na kikapu cha miche. Alikuwa akichimba mashimo, akipanda, akimwagia maji kutoka kwenye debe, bila kumsalimu mtu wala kumweleza mtu. Kesho yake akarudi. Na keshokutwa.

Mtu mzima anayefanya kazi bila kuitwa na bila kulipwa! Mtaa mzima ukaingiwa na wasiwasi. Mmoja akasema mzee anatafuta dhahabu ya Wajerumani na miche ni kisingizio. Mwingine, aliyekuwa na pua ya kujua mambo, aliutazama mche mmoja akatangaza kuwa ni msesewe, ule mti ambao Wachagga hutia gome lake kwenye mbege ili ichachuke vizuri. Basi, Waislamu wa mtaa wakaambiana kwamba kilabu cha pombe kinakuja mlangoni kwao. Mwantumu aliwasikiliza wote akawaona watoto wadogo. Yeye alikuwa na fikra yake.

“Huyu ni mlinzi wa msitu,” alimwambia jirani yake. “Mlinzi wa msitu hastaafu, kama vile polisi hastaafu. Ametumwa. Miti ikishakuwa mikubwa, serikali itasema huu ni msitu wake. Na ukishakuwa msitu wa serikali, mimi na wewe tutakuwa nyani.”

Ilikuwa hoja nzito, maana kule mlimani mambo kama hayo watu waliyaona kwa macho. Mwantumu akaanza kumchunga mzee. Alipokaanga vitumbua alikaa amelielekea korongo. Kuni zake, alizozoea kuzikata huko chini, sasa alizikata mbele ya uso wa yule mzee kusudi, aone atasema nini.

“Mama,” mzee alimwambia siku moja, “hicho kijiti bado kibichi. Kikavu kipo kule juu.” Akamwonyesha kwa kidole.

Mwantumu hakumwamkia shikamoo, ingawa alikuwa mdogo kwake. “Kwani hapa kwako?”

“Si kwangu.”

“Basi kwa nani?”

Mzee Ndelilio alifuta jasho. “Nilipokuwa kijana tulikuwa tukishusha kahawa stesheni, tunapumzika hapa. Palikuwa na maji chini ya ule mkuyu. Sasa hayapo. Nayatafuta.” Akainama tena kwenye shimo lake.

Mtu mwingine angeridhika na jibu hilo. Mwantumu alirudi nyumbani akiwa na hakika zaidi. Nani, alijiuliza, anatafuta maji kwa kupanda miti, na bomba la mji lipo pale sokoni?

Miche ikashika. Miringaringa ilipanda haraka, mifuruanje ikafuata, nyasi zikarudi zenyewe. Mbuzi wa mtaani nao wakapata habari. Hapo ndipo Mzee Ndelilio alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la Mchagga hasa. Kwao huko juu, ukitaka watu waheshimu mahali, huhitaji ukuta wala seng'enge. Unapanda masale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani kibichi, mstari mmoja, na Mchagga yeyote akiyaona atasimama. Basi mzee alileta masale kutoka Mbokomu akayapanda ukingoni mwa korongo mwote, akitumaini kwamba yatasema kwa niaba yake. Hakufikiria kwamba huku chini wako watu ambao masale hawayajui, na wako pia wanaoyajua kupita kiasi.

Dominika, mama wa Uru aliyekuwa akimletea Mwantumu ndizi na kununua vitumbua vya kupeleka nyumbani, ndiye aliyeyaona kwanza. Alisimama na mkungu kichwani.

“Yesu na Maria! Nani kapewa kihamba hapa?”

“Kihamba gani?” aliuliza Mwantumu.

“Si haya masale? Kwetu sale ni mpaka, Mama Shani. Shamba la mtu na la jirani yake, katikati ni sale. Ukiyaona yamepandwa, ujue ardhi ina mwenyewe.”

Mwantumu hakuweza kumaliza vitumbua vyake siku hiyo. Mpaka! Alichokihofia tangu utoto kimekuja, tena safari hii bila hata kamba, kimekuja kimevaa majani. Alizunguka nyuma ya jiko lake akayatazama. Ukweli wa Mungu, masale yalipita chini kabisa, upande wa korongo. Yalimwachia ua wake wote, yakamwachia na kipande cha chini alichokuwa akianikia nguo. Lakini mwenye hofu haoni alichoachiwa. Aliona mstari, basi.

Akajifunga buibui akaenda ofisi ya mji. Pale alimkuta karani Yunusu, kijana ambaye yeye alimpakata akiwa mchanga, akamweleza kwamba yupo Mchagga aliyejigawia korongo la serikali na kulipandia mpaka.

“Mpaka wake umefika wapi, mama?” aliuliza Yunusu.

Mwantumu alijua kwamba maneno makavu hayapandi ngazi ya ofisi. Yanataka mafuta. “Umefika mlangoni kwangu,” alisema. “Nikifungua mlango nakanyaga masale.”

Yunusu akamwambia mabwana watalishughulikia. Zikapita wiki, ukapita mwezi, hakuonekana bwana wala bibi. Mwantumu akaanza kumshuku Yunusu naye kwamba amelishwa ndizi za Mbokomu. Basi Jumapili moja, Ndelilio akiwa kanisani, alishuka na jembe akayang'oa masale yote yaliyopita nyuma ya nyumba yake. Aliyatupa kwenye moto wa vitumbua, nayo yakatoa moshi mwingi ukamliza machozi.

Jioni mzee alikuja, akaona. Mwantumu alisubiri ugomvi, alikuwa amekwishayapanga majibu. Mzee alisimama tu pale palipofukuliwa, akafukia mashimo kidogo kwa mguu, akaenda zake. Kimya hicho kilimtisha Mwantumu kuliko matusi. Anayenyamaza, aliwaza, anapanga.

Na kweli, haukupita muda wakaja mabwana. Lakini hawakuja kwa Ndelilio, walikuja kwake. Mzungu wa afya, mwenye kaptura na miguu myekundu, alisimama mbele ya mlango wa Mwantumu na Yunusu pembeni akitafsiri. Ofisi, alisema, ilikuwa imelisahau korongo hili, inashukuru kukumbushwa. Sasa imeamua litengwe, lisijengwe, lisichimbwe, miti ibaki. Wiki ijayo watakuja kuweka vigingi. Nyumba yoyote iliyo ndani ya korongo itaondolewa.

“Hiyo inanihusu nini mimi?” aliuliza Mwantumu.

Yunusu alitazama viatu vyake. “Mama, si ulisema mpaka wa korongo uko mlangoni kwako? Bwana anasema ndipo kigingi kitakapowekwa. Nyumba iko upande wa ndani.”

Mzungu akamtabasamia.

Mwantumu alijaribu kusema kwamba mstari ulikuwa chini, nyuma ya jiko, chini kabisa. Yunusu akatafsiri, mzungu akauliza kitu, Yunusu akakileta kwa sauti ya chini. “Anauliza, juzi ulisema mlangoni, leo unasema nyuma ya jiko. Aamini lipi? Na hayo masale yako wapi ayaone?”

Masale yalikuwa majivu, ndipo Mwantumu alipoona alichokifanya. Kitu pekee ambacho kingeweza kuonyesha korongo linaishia wapi na ua wake unaanzia wapi, alikuwa amekitia motoni kwa mkono wake.

Dominika alipokuja na ndizi alimkuta ameketi chini, jiko limezimika. Mwantumu akamweleza yote. Alipofika kwenye kung'oa, Dominika alijishika kifua.

“Uling'oa sale? Wewe mwenyewe?”

“Nilidhani...”

“Kwetu huwezi hata kulisema hilo mbele ya wazee!” Dominika akasogea karibu. “Sikiliza, dada. Mtu pekee anayejua pale yalipokuwa ni yule mzee. Nenda kwake. Lakini usiende mikono mitupu wala na maneno matupu. Nitakuletea jani la sale, nitalifunga fundo. Mpe. Mchagga akiletewa sale la kuombwa radhi hawezi kulikataa, hata kama umemuulia ng'ombe.”

Unadhani Mwantumu alishukuru? Alimtazama Dominika kwa jicho la pembeni. Mchagga huyu na Mchagga yule! Sale ndilo lililomponza, na sasa sale ndilo liwe dawa? Isije ikawa akilipokea tu mzee, kwa mila zao, ndiyo yeye amekwisha kumpa nyumba. Na yeye Mwislamu, majani ya kuombea radhi na yeye wapi na wapi? Alilala na fikra hizo, akaamka nazo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Dominika alipoleta jani, alilipokea kwa ncha za vidole, akalifunika kwa khanga, akashuka korongoni.

Mzee Ndelilio alikuwa chini ya mkuyu akinyoosha fito za kuegemezea miche. Mwantumu alisimama mbele yake.

“Shikamoo, mzee.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwamkia. “Marahaba,” alisema mzee.

Mwantumu alilitoa jani. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kujitetea, kuhusu baba yake na kamba na vigingi. Lakini alichotoa kilikuwa kifupi. “Ni mimi niliyeyang'oa. Na ni mimi niliyekusemea ofisini, nikaongeza chumvi.”

Mzee alilitazama fundo la jani. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema amesamehe, hakusema hakusamehe, hakuuliza anataka nini. Alilichomeka katika utepe wa kofia yake akarudi kwenye fito. Mwantumu akapanda nyumbani akiwa hajui chochote. Huenda kanipokea ili anicheke, aliwaza. Huenda anangoja siku ya vigingi anilipizie mbele za watu. Yeye mwenyewe, angekuwa ndiye, pengine angefanya hivyo.

Siku ya vigingi mtaa wote ulikuja kutazama. Mzungu alikuwepo, Yunusu alikuwepo, vibarua walikuwa na nyundo na kamba. Mzee Ndelilio aliitwa akapanda kutoka korongoni, magoti yana udongo.

“Wewe ndiye uliyepanda masale ya mpaka hapa?” Yunusu alimtafsiria mzungu.

“Ndimi.”

“Nani alikuruhusu?”

“Hakuna.”

“Ulipanda wapi?”

Hapo Mwantumu alifumba macho. Alisikia nyayo za mzee zikipita kando ya jiko lake, zikipita kamba ya nguo, zikiteremka. Alipofumbua, mzee alikuwa amepiga magoti chini kabisa, anafukua udongo kwa vidole. “Hapa palikuwa shimo,” alisema. “Na hapa. Na hapa. Udongo huu ni laini, ule mwingine mgumu. Mwambie bwana ashike mwenyewe.”

Mzungu aliinama akashika. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza jambo lingine.

“Anauliza,” alisema Yunusu, “na masale ya hapa yamekwenda wapi? Ameyaondoa nani?”

Walioona moshi Jumapili ile walikuwa wengi. Mwantumu alifungua mdomo, lakini mzee alimtangulia.

“Mwambie bwana yalizolewa na mvua.”

Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi. Mahindi yalikuwa yakitolewa kwa mgawo, na pale walipokuwa wamesimama vumbi lilikuwa likiwapanda mpaka magotini. Yunusu alimtazama mzee, akamtazama Mwantumu, akakohoa, akatafsiri. Mzungu akapeleka vibarua wakapigilie vigingi pale chini. Nyumba ya Sadallah ikabaki nje ya mstari, nzima, na ua wake.

Lakini serikali haiondoki mikono mitupu. Kwa kupanda mpaka katika ardhi ya mji bila ruhusa, Mzee Ndelilio alikatazwa kukanyaga tena korongoni. Akionekana atafungwa. Yunusu aliyasema hayo kwa aibu. Mzee aliyasikiliza, akapangusa jembe lake kwa majani, akashika njia ya Mbokomu. Mwantumu alimkimbilia mpaka barabarani, akakosa la kusema, akamwekea vitumbua kwenye kikapu. Mzee alivipokea bila kuvichungulia.

Siku hiyo hiyo, jua likishuka, Mwantumu alichukua ndoo akateremka. Miche ilikuwa imeinama kwa kiu na aliyekuwa akiinywesha hayupo. Alimwagia mmoja, akapanda, akashuka na ndoo nyingine. Hakuwa akijua kazi hiyo. Alikuwa akijua kushuku tu, na ikawa ndicho korongo lilichokuwa linakihitaji. Mbuzi hakupita bila yeye kujua ni wa nani. Mchoma mkaa alikutana naye hata kabla hajatua shoka begani. Mfyatua matofali aliyekuja na maneno matamu aliulizwa maswali mpaka akasahau alichokuja kufanya. Dominika akawa akimfundisha majina ya miti, na akapeleka salamu zake Mbokomu na kurudi na maagizo: huu upunguze matawi, ule uwekee samadi.

Miaka ikaenda. Watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru sokoni waziwazi. Chini ya mkuyu udongo ulianza kuwa na unyevu, kisha siku moja Mwantumu alichovya kidole akakitoa kimelowa. Vyura wakaja, hakuna aliyejua wametoka wapi. Wakaja ndege, kwarara na hondohondo. Na asubuhi moja, akiwa anakoroga unga, alisikia sauti nzito ikikoroma juu ya mkuyu. Alitoka nje. Mbega walikuwa wameketi kwenye matawi, weusi, mabega meupe yakining'inia kama mashuka yaliyoanikwa. Walikuwa wamepanda kutoka Rau, mti hadi mti, bila kugusa ardhi.

Mwantumu alirudi ndani haraka akafunga mlango. Ngozi za mbega zilikuwa na wanunuzi, naye aliwajua wote kwa majina. Hakumwambia jirani. Yunusu alipopita kumwamkia hakumwambia, na hata Dominika alimficha. Alizima jiko, akajifunga khanga mbili, akapanda Mbokomu kwa miguu, mlima ule, na umri ule, akipumzika kila penye kivuli.

Mzee Ndelilio alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda, miguu imevimba. Aliitikia shikamoo yake akamtaka akae. Mwantumu alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama mpaka sikioni mwake.

“Mbega wamerudi.”

Mzee hakutikisika.

“Umemwambia nani mwingine?”

“Wewe tu.”

Mzee aligeuka akamtazama usoni, naye Mwantumu akaona machozi yamemjaa machoni, akaona haya kuyatazama, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi kama ambavyo haujapata kuwa tangu nyumba ya baba yake. Alikuwa ametembea kutwa nzima kumpa mtu siri yake, na hakuwa na wasiwasi itakwenda wapi.

“Niambie wako wangapi,” alisema mzee, “na mti upi, na wanakula nini. Niambie taratibu, usiruke kitu.” Akamwita mkewe alete maziwa ya mgeni.